Konokono wa Kushoto

Saa tano usiku. Chuo chetu cha jamii kimelala;
jengo la B limebaki na mimi
na jokofu linalokoroma kama mzee mwenye pumu.
Nusu yake ni chakula cha walimu:
maziwa ya Garth, supu ya mtu aliyestaafu mwezi Mei.
Nusu nyingine ni yangu, konokono mia tatu na kumi na wawili
ndani ya vichupa vya dawa ya kikohozi,
kila kimoja na karatasi yake: mfereji, tarehe, kina cha maji.
Mlangoni nimeandika kwa wino mwekundu: SI KITOWEO.

Leo nimefundisha vipindi vitano.
Seli, seli tena, mzunguko wa damu, seli,
kisha seli kwa wale wa jioni
wanaoingia na matope ya viazisukari viatuni.
Ubaoni nasema, "Tunajua kwamba..."
na ndani yangu kuna mlango mdogo unaogongwa:
unajua nini wewe, Vlasta? Unajua nini?

Mkataba wangu una kurasa nne.
Neno kufundisha limo mara kumi na tisa.
Neno utafiti halimo.
Nilimwuliza Garth, mkuu wa idara, mtu mwema asiye na hila.
"Hakuna anayekukataza," akasema. "Ila hakuna anayekulipa."
Basi nikajua nimepewa uhuru,
ule wa mbuzi aliyekata kamba
shamba likiwa limekwisha vunwa.

Darubini niliipata kwenye mnada wa hospitali iliyofungwa.
Lenzi ina ufa; nimezoea.
Jumamosi napita mifereji ya kando ya mto Platte,
miguu ikiogelea ndani ya buti za marehemu mume wangu,
na wakulima wa Nebraska hunipungia mkono
kama mtu anayempungia aliyepotelewa na pete.

Ni Delfino Arredondo aliyemleta.
Hupakua malori kiwanda cha sukari usiku kucha,
na darasani husinzia mstari wa mbele,
maana kusinzia nyuma, anasema, ni utovu wa adabu.
Aliweka chupa ya jemu juu ya meza.
"Mwalimu, huyu amekosea njia."

Nikamgeuza kwenye mwanga.
Konokono wa aina hii husokota gamba kwenda kulia,
mzazi kwa mwana, tangu huko.
Huyu alikwenda kushoto,
polepole, bila kumwomba mtu radhi.

Nilikaa chini. Walidhani nimeugua.
Seli zikasahaulika. Kioo cha kukuzia kikapita mkono kwa mkono:
muuguzi mtarajiwa, dereva wa trekta,
mama aliyekuja na mwanawe kwa kukosa wa kumwachia,
na huyo mtoto ndiye aliyeuliza
lile ambalo bado linanikosesha usingizi:
"Sasa atampata wapi mwenzake?"

Makala yangu imerudishwa mara mbili.
Mhakiki anataka kujua maabara yetu ina watu wangapi.
Nikahesabu: mimi; Delfino, siku akiwa macho;
Orval mfagiaji, anayeniachia taa
na kujifanya haoni maji sakafuni.
Nikaandika: watatu.
Palipoandikwa Mfadhili nikaweka kistari,
nikakifuta, nikaandika: vipindi vitano kwa siku.
Nikafuta na hayo.

Mgeni yuko kwenye beseni, anatafuna jani la saladi.
Nami navifungua upya vichupa vyote,
kwa kuwa niliandika mfereji, tarehe, kina,
wala sikuandika wamesokota upande gani.
Sikuangalia. Nilidhani najua.

Kulia.
Kulia.
Saa mbili asubuhi nina seli.
Vimebaki vichupa arobaini.
Kulia.
Namchukua mwingine kwa koleo, namleta chini ya ufa.